Starehe ya Kumtazama Buibui: Je, Ni Starehe Safi?

Mwanafalsafa Baruch Spinoza alizaliwa Amsterdam mwaka 1632 na kufariki The Hague mwaka 1677. Alipata riziki yake kwa kusugua vioo vya lenzi, aliishi kwa matumizi madogo, na waliomfahamu walimwona mtu mpole. Mchungaji wa Kilutheri Johannes Colerus, aliyechapisha habari za maisha yake mwaka 1705, anatueleza pia jinsi alivyopumzika. Spinoza alipotaka kuituliza akili kwa muda mrefu kidogo, alitafuta buibui akawapiganisha. Au alikamata nzi, akawatupa kwenye utando wa buibui, kisha akatazama mapambano hayo kwa furaha kubwa kiasi kwamba mara nyingine aliangua kicheko.

Nilikutana na habari hii katika somo la utangulizi wa falsafa, na haijaniacha tangu siku hiyo, kwa sababu mimi pia hupumzika kwa kumtazama buibui. Siko peke yangu. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wengi wanaofuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, na ukiwauliza wanapata faida gani watakujibu kwamba kumtazama kunawatuliza. Basi nataka kuuliza: je, starehe inayotokana na kumtazama kiumbe asiyejua kwamba anatazamwa ni starehe safi? Na ikiwa si safi daima, ni kitu gani kinachoichafua? Hoja yangu ni kwamba starehe hii ni safi pale mtazamaji asipotaka kitu kutoka kwa buibui, na kwamba huanza kuharibika pale anapompangia buibui maisha ili yeye apate cha kutazama.

Nianze na starehe yenyewe, kwa kuwa wasomaji wengi huenda wanashangaa inawezekanaje. Ninaishi kwa shangazi yangu Nyamirambo, mtaa wa Kigali ambako Kiswahili husikika dukani, msikitini na kwenye vijiwe vya pikipiki. Uani kwetu kuna mparachichi, na kati ya tawi lake moja na ukingo wa paa la bati anakaa buibui wa kike mwenye tumbo la mviringo. Jua likizama, mnamo saa kumi na mbili jioni, anaanza kazi. Kwanza huvuta nyuzi za kuzunguka nje, kama fremu ya dirisha. Kisha huvuta nyuzi zinazotoka katikati kwenda pembeni, kama spoku za baiskeli. Halafu huzungusha uzi usionata kutoka katikati kwenda nje, na huo ni kama jukwaa la miti ambalo fundi mwashi husimama juu yake. Mwisho hugeuka na kurudi kutoka nje kuelekea katikati, akitandaza uzi unaonata huku akiliondoa lile jukwaa hatua kwa hatua. Akimaliza hukaa katikati, kichwa chini, miguu yake minane ikigusa nyuzi, akingoja.

Mimi hukaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, namtazama. Nikijaribu kueleza kwa nini napumzika, napata sababu tatu.

Ya kwanza, buibui hanidai kitu. Siku ya mwanafunzi imejaa macho ya watu. Mhadhiri anatazama kama umesoma, wazazi wanatazama kama ada inazaa matunda, wenzako wanatazama umevaa nini, na simu nayo inatazama kama umejibu ujumbe. Hata paka wa jirani akija anataka mabaki ya samaki. Buibui hataki. Mbele yake mimi si mwanafunzi hodari wala dhaifu, si mtoto wa nani wala rafiki wa nani.

Ya pili ni mwendo wake. Hana haraka na hana uvivu. Tumezoea kupima kazi kwa haraka ya mfanyaji, tukidhani asiyekimbia amezembea. Buibui anafanya kila hatua kwa muda unaohitajika na hatua hiyo, kisha anangoja bila kulalamika.

Ya tatu, hakuna hadithi ninayolazimika kuifuata. Filamu hunivuta nitake kujua nani atashinda. Kwa buibui naweza kuondoka wakati wowote nikarudi, na sijapoteza kitu.

Ukiunganisha sababu hizi tatu utaona zina mzizi mmoja: kwa dakika chache natazama bila kutaka. Hilo ndilo linalopumzisha, kwa maana uchovu wetu mwingi hautokani na kazi bali na kutaka na kutakwa.

Sasa tuje kwa tarantula. Hapa Kigali sijakutana na mtu anayemfuga, nimewajua kupitia video za simu. Lakini jambo lenyewe si la mbali kama linavyoonekana. Mmoja wa tarantula wanaopendwa sana na wafugaji hao anatoka kwetu: jina lake la kitaalamu ni Pterinochilus murinus, naye alielezwa na mwanasayansi Mwingereza Pocock mwaka 1897. Anaishi sehemu nyingi za Afrika ya mashariki, ya kati na ya kusini. Wale wenye rangi ya chungwa iliyokolea huuzwa kwa jina la Usambara, yaani milima ile ya Tanga nchini Tanzania. Tarantula wengi wa bara la Amerika wana manyoya yanayowasha ambayo huyarusha wakikasirishwa. Wa kwetu hana silaha hiyo, kwa hiyo akiona hatari huinua miguu ya mbele, huonyesha meno, na akizidi kubughudhiwa huuma. Sumu yake huleta maumivu makali.

Tarantula ana macho manane lakini haoni vizuri. Dunia yake anaijua kwa mitetemo inayopita ardhini na kwenye nyuzi zake. Jike wa baadhi ya aina anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, ilhali dume hufa mapema baada ya kupevuka. Anaweza kukaa wiki nyingi bila kula. Akikua hujivua gamba la nje, na mara nyingi hulala chali kwa kazi hiyo, hata anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani amekufa. Saa kadhaa baadaye anasimama, laini na mpya, na kando yake limebaki gamba lenye umbo lake lote hadi kwenye meno.

Naelewa kabisa kwa nini mtu aliyetoka kazini, akiwa na kichwa kizito, angependa kuketi mbele ya sanduku la kioo lenye kiumbe kama huyu. Wafugaji nao wana utetezi ambao lazima tuupe haki yake. Wanasema simba ukimfungia umemnyima mbuga nzima, lakini tarantula wa kike kwa asili hukaa shimoni mwake miaka na miaka, akitoka hatua chache tu kukamata windo. Ukimpa udongo wa kutosha, maji, joto linalomfaa na nyenje wa kula, umemnyima nini? Sandukuni hakuna nyigu wa kumwinda. Tena wengi wamezaliwa humohumo katika mikono ya wafugaji, hawajawahi kujua msitu.

Hoja hii ina nguvu, na mimi siwezi kusema kwamba kila anayefuga tarantula anatenda dhambi. Mwaka 1974 mwanafalsafa Thomas Nagel aliandika makala maarufu akiuliza ni hali gani kuwa popo, akajibu kwamba hata tukijua kila kitu kuhusu mwili wa popo, hali yenyewe ya kuwa popo haitufikii. Kama popo, ambaye ni mnyama mwenye damu moto na anayenyonyesha kama sisi, yuko mbali kiasi hicho, buibui yuko mbali zaidi. Hatuwezi kudai tunajua kwamba anateseka ndani ya kioo. Lakini kwa sababu hiyohiyo mfugaji naye hawezi kudai anajua kwamba ameridhika. Kunyamaza kwake si ridhaa. Asiyeweza kulalamika kwa lugha tunayoisikia ni rahisi sana kumdhulumu, na ni rahisi zaidi kujiambia kwamba hatujamdhulumu.

Kwa hiyo kama hatuwezi kuingia ndani ya buibui, tuangalie upande tunaoweza kuuona, yaani upande wa mtazamaji. Hapa namrudia Spinoza, na kando yake namweka mwanafalsafa mwingine aliyemfahamu. Gottfried Leibniz alimtembelea Spinoza The Hague mwaka 1676, miezi michache kabla ya Spinoza kufariki. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1788, anataja habari ya Leibniz akimchunguza mdudu mdogo kwa hadubini. Alipomaliza alimrudisha mdudu yule taratibu juu ya jani lake, kwa kuwa aliona amefundishwa naye, kana kwamba amepokea hisani kutoka kwake.

Wote wawili, Spinoza na Leibniz, walikuwa na akili kubwa na walipata furaha kwa kumtazama kiumbe mdogo. Tofauti iko wapi? Mtu atasema Leibniz alikuwa na huruma na Spinoza hakuwa nayo. Spinoza mwenyewe angekubali, kwa kuwa katika kitabu chake cha Ethica aliandika kwamba wanyama wana hisia, lakini binadamu ana haki ya kuwatumia apendavyo, na kwamba kuwahurumia kiasi cha kukataza kuwachinja ni ushirikina. Mimi naona kuna tofauti nyingine iliyo chini ya hiyo. Spinoza hakuridhika na kile alichokikuta. Utando ulikuwepo, buibui alikuwepo, akingoja kama kawaida yake, lakini kungoja hakukumtosha Spinoza. Alitaka vita, akaleta nzi. Tangu dakika hiyo hakuwa tena akimtazama buibui, alikuwa akitazama mchezo alioutunga mwenyewe, na buibui alikuwa mwigizaji tu. Leibniz alitazama kile kilichokuwepo, na alipotosheka alirudisha alichokichukua.

Nikiwa na kipimo hiki mkononi, narudi kwenye zile video za tarantula na naona aina mbili za wafugaji. Wa kwanza anachukua kijiti, anamchokoza buibui wa Usambara mpaka ainue miguu na kuonyesha meno, kisha anaipiga video hasira ile ili watu wafurahi. Au anamweka katika sanduku tupu lisilo na udongo wa kuchimba wala gome la kujificha, ili aonekane saa zote. Huyo ni Spinoza na nzi wake. Wa pili anaweka udongo wa kina, gome na kivuli. Matokeo yake tarantula anachimba, anafunika mlango kwa nyuzi, na mwenye nyumba anaweza kukaa wiki nzima akitazama udongo mtupu. Usiku mmoja ataona ncha za miguu miwili zikichungulia, na atafurahi. Wafugaji makini husema wazi kwamba tarantula aliyetunzwa vizuri haonekani sana. Nadhani kuna ukweli mkubwa wa kimaadili katika kauli hiyo: mfugaji mwema ni yule aliyekubali kushindwa kumwona.

Hata hivyo sanduku la huyu wa pili bado lina swali moja lisiloondoka. Buibui wa uani kwetu anaweza kuhama kesho. Nitasikitika kidogo, lakini sitakuwa nimeibiwa, kwa sababu hakuwa wangu. Mwenye sanduku amefunga mlango kwa sababu hataki siku hiyo ifike. Kwa hiyo kutaka, ambako tulisema ndiko kunakotuchosha, kumerudi ndani ya nyumba yake kwa mlango wa nyuma, hata kama kumekuja kwa adabu. Tena kutaka kwa mtu mmoja huzaa kutaka kwa mwingine, kwa kuwa penye mnunuzi huja mkamataji. Ndiyo maana tarantula wa Mexico wa jenasi ya Brachypelma, ambao walipendwa sana kwa uzuri wao, ilibidi biashara yao ya kimataifa iwekwe chini ya masharti ya mkataba wa CITES. Starehe ya sebuleni ilifika hadi mashimoni mwao.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba sisi wa Kigali ni watazamaji tu wa makosa ya mbali. Lakini sisi hatumfungii buibui, tunamfagia. Jiji letu linajivunia usafi, na lina haki ya kujivunia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 2008, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka kwa umuganda, tunafyeka, tunazibua mifereji, tunapanda miti. Katika akili zetu utando wa buibui ni uchafu. Nyumba yenye utando ni nyumba ya mvivu.

Shangazi yangu ana msimamo ambao nimeufikiria sana. Hamuui buibui kabisa. Waislamu wengi husimulia kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) na Abubakar walipojificha katika pango la Thaur, wakati wa Hijra ya mwaka 622, buibui alitanda utando kwenye mlango wa pango na waliowafuata wakadhani hakuna aliyeingia. Kwa ajili hiyo buibui ana heshima yake nyumbani. Lakini utando ni jambo jingine. Siku moja, jioni ya kuamkia umuganda, aliniona nimekaa kwenye ngazi akaniambia, "Mwanangu, buibui mwache, ila hiyo nyumba yake uiondoe. Wageni watasema nini?"

Nilimwuliza, "Sasa shangazi, tukimwondolea nyumba si atakufa njaa?"

"Atajenga nyingine. Na wewe ukiwa huna kazi utamtazama akijenga."

Nilicheka, kwani alikuwa na hoja. Buibui wengi wa aina hii huuvunja wenyewe utando wa jana, huula, na kujenga mpya. Tukapatana kwamba ndani ya nyumba ufagio upite kila pembe, na uani, kati ya mparachichi na bati, usifike. Yeye aliutoa uamuzi huo kwa imani yake, na mimi nilifika hapohapo kwa njia nyingine. Si lazima watu wakubaliane sababu ili wakubaliane mpaka.

Jirani yetu naye alikubali kwa sababu ya tatu: buibui anakula mbu. Sababu hiyo ina uzito. Huko Mbita, kwenye mwambao wa Kenya wa Ziwa Victoria, watafiti wamemchunguza buibui mdogo arukaye aitwaye Evarcha culicivora, ambaye hupendelea kumkamata mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Lakini nisingependa kuusimamisha utetezi wote juu ya faida. Anayelindwa kwa sababu anafaa, siku akiacha kufaa ataachwa.

Kama wanafunzi wa Kiswahili tunaweza kuuliza pia lugha yetu inamweka wapi buibui. Padri Alexis Kagame, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu falsafa ya Kibantu ya Rwanda, aligawa vyote vilivyopo katika mafungu manne kwa kufuata maneno ya Kinyarwanda: umuntu, chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna. Katika mgawo huo mnyama yumo katika ikintu pamoja na mti na jiwe. Sarufi ya Kinyarwanda inaonekana kumuunga mkono, maana igitagangurirwa, yaani buibui, huchukua upatanisho wa ki- sawasawa na igitabo, yaani kitabu. Vyote viwili vikianguka tunasema kiraguye. Kiswahili kinafanya vingine. Tunasema kitabu kimeanguka, lakini buibui ameanguka, kama vile tunavyosema mtoto ameanguka. Hata majina ya ngeli nyingine, kama kipepeo na kiboko, tukianza kuyasemea huvutwa upande wa a-, upande wa watu.

Mara ya kwanza nilipoliona hili nilitamani kusema kwamba Kiswahili kina huruma kuliko lugha ya mama yangu. Lakini mfano mmoja unatosha kuonyesha kwamba sarufi si maadili. Kwa Kiswahili mbu anauma, na tunamuua bila kufikiri. Kwa Kinyarwanda ng'ombe hapewi upatanisho wa mtu, ilhali amesifiwa kwa tungo, amepewa majina, na mtu akikutakia mema anakutakia ng'ombe. Ninachoweza kusema kwa haki ni kidogo zaidi: ile a- ya Kiswahili inatukumbusha kwamba kuna mtendaji. Buibui anafuma, anangoja, anahama. Kuna jambo analolifanya ambalo lilianza kabla sijafika na halinihusu. Ukiisikia ile a- vizuri, si rahisi kuendelea kumwona kama pambo la sebuleni.

Najua pingamizi linalokuja, na katika nchi hii ni pingamizi zito. Mtu atasema: una muda wa kuhurumia buibui, katika mji huu, ambako watu waliuawa? Nimezaliwa baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na sina haki ya kusema juu yake kwa wepesi. Nasema jambo moja tu. Kabla na wakati wa mauaji yale, watu waliitwa inyenzi, yaani mende, na waliitwa nyoka. Neno hilo lilitangazwa redioni. Buibui si mtu, na anayemponda mende jikoni si muuaji. Lakini neno lile lilichaguliwa kwa sababu kila msikilizaji alikwisha kuzoea kwamba kuna viumbe vinavyopondwa bila kuuliza na bila kujibu kwa yeyote. Wajibu wetu wa kwanza ni kumtetea mtu asiitwe mdudu, na wajibu huo hauna mbadala. Wa pili ni mdogo sana, nao hauudhuru ule wa kwanza: kujizoeza kusita. Mtu aliyezoea kusita mbele ya kiumbe kinachomchukiza, akakitazama kabla ya kuinua kiatu, amejifunza jambo ambalo halitampotea akiwa mbele ya binadamu. Kant alisema jambo la karibu na hili alipofundisha kwamba anayewatendea wanyama ukatili hugeuka mgumu pia kwa watu.

Nataka kumaliza hoja kwa mfano unaoonyesha kwamba kutazama bila kutaka kunawezekana, tena kwa muda mrefu. Mwaka 1974, magharibi mwa Australia, mwanasayansi Barbara York Main alianza kufuatilia buibui wa shimoni, ndugu wa mbali wa tarantula, ambao hufunika mlango wa shimo kwa kifuniko. Kando ya kila shimo aliweka kigingi chenye namba. Mmoja wao, jike, alipewa namba 16. Hakumweka katika sanduku, alimwendea mahali alipokuwa, na akamrudia mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2016 kifuniko cha shimo namba 16 kilikutwa kimetobolewa, na buibui hayupo. Dalili zilionyesha nyigu wa kimelea. Alikuwa na umri wa miaka 43, buibui mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kurekodiwa hadi wakati huo.

Mfugaji atasema: mnaona, angekuwa sandukuni nyigu asingempata. Ni kweli. Lakini mama yule alimtazama buibui kwa zaidi ya miaka 40 bila kumwondolea nyigu, mvua wala kiangazi, na kwa kufanya hivyo alijua maisha ya buibui yalivyo, wala si maisha ya kioo. Mimi naona huo ni uhusiano wenye heshima kuliko ule wa kummiliki, ingawa unadai zaidi: unadai utembee hadi kwake, na ukubali kwamba siku moja utakuta shimo tupu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la insha hii ni kwamba starehe ya kumtazama buibui inaweza kuwa safi, na kila mtu anaweza kuipima mwenyewe kwa kujiuliza: je, starehe yangu ingebaki kama buibui angekuwa huru kuondoka sasa hivi? Mwenye kijiti na kamera atajibu hapana. Mwenye sanduku lenye udongo wa kina atasita, na kusita kwake ni kwa heri. Aliyekaa kwenye ngazi ya jikoni hana haja ya kujibu, kwa sababu mlango haujafungwa. Na sisi wenye mafagio, ambao ndio wengi katika mji huu, hatuhitaji kununua chochote wala kusafiri popote. Tunahitaji kuacha pembe moja ya ua ambayo ufagio haufiki, na kupata robo saa jioni ya kuitazama.